Nusu Siku ya Ngara

Kwenye kaburi mtu anakaa muda gani?

Mama aliniuliza hivyo uani kwetu, Magarama, mtaa mmoja wa Gitega, akiwa ameinama juu ya ungo wa maharage. Hakuinua macho. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni na simu mkononi, nikimsomea mpango wa safari yetu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na nilikuwa na tabia ya kuhoji kila kitu, kuanzia mahubiri ya Jumapili hadi bei ya sabuni. Lakini swali lile nililikwepa. Nikamwambia tutaona tukifika.

Safari niliipanga mwenyewe. Mpaka wa Rwanda ulikuwa umefungwa, kwa hiyo mtu wa Gitega aliyetaka kufika Kampala kwa barabara ilimbidi azungukie Tanzania: apande hadi Muyinga, avukie mpakani Kobero, apite Ngara na Bukoba, ndipo aingie Uganda. Kurudi nilitaka tupitie Mwanza na Kigoma. Kila mji nilikuwa nimeupa siku zake. Kampala niliipa siku tano, kwa sababu rafiki zangu wawili wa chuo walikuwa wamehamia huko na nilitaka kuona wanaishije. Bukoba siku mbili, kwa ajili ya ziwa tu. Ngara niliandika nusu siku.

Ngara ndiko alikozikwa babu, baba yake Mama.

Familia ya Mama ilikimbilia huko wakati wa vita, Mama akiwa msichana wa shule ya msingi. Alikulia kambini, akajifunza Kiswahili kambini, akakutana na Papa, kijana wa Giheta, kwenye foleni ya maji ya kambi hiyohiyo. Mimi nilizaliwa kule, lakini nilirudishwa Burundi nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo kambi ninaijua kwa kusimuliwa tu. Wazazi wangu walitangulia kurudi. Babu na bibi walibaki na mtoto wao wa mwisho, mjomba wangu, wakisema wataangalia kwanza hali inakwendaje. Babu alifariki kiangazi cha mwaka huohuo. Habari ilifika Gitega akiwa ameshazikwa.

Kwetu kuzika hakumalizi msiba. Inabaki siku ya kuganduka. Siku hiyo familia inakusanya watu, pombe inanywewa, na msemaji anasimama kutangaza mbele ya wote kwamba kilio kimekwisha, mjane ana ruhusa ya kuishi kama watu wengine, na mambo ya shamba yanaweza kuzungumzwa. Tarehe yake hutajwa mara baada ya maziko. Wazee wa ukoo waliokuwa kambini walitaja: tutaganduka tukifika nyumbani. Walipofika nyumbani, Butihinda, walikuta watu wengine wanalima shamba lao. Kesi ikaenda miaka. Wazee wale wakafa mmoja mmoja. Siku ya kuganduka haikutajwa tena na mtu yeyote, na bibi akabaki msibani. Kwenye arusi za ukoo alikuwa akikaa kwenye benchi, na ngoma ikianza kupigwa hasimami. Nilipokuwa mdogo nilidhani ana maumivu ya miguu.

Mimi sikuamini kwamba marehemu anasubiri chochote. Niliona udongo ni udongo, uwe wa Ngara au wa Butihinda. Ila Mama alikuwa anasubiri, na hilo halikuhitaji imani, lilionekana kwa macho. Nilipomwambia kwamba njia ya Kampala inapita Ngara, aliacha alichokuwa akifanya akaniuliza kama ni Ngara ileile. Tangu siku hiyo akawa anasema "safari yetu", wakati mimi nilikuwa nimeipanga kama safari yangu.

Papa alikuwa na maoni yake kuhusu urefu wa safari.

"Wiki mbili iko sawa," alisema. "Mwezi mmoja, bon, mi nitavumilia. Lakini miezi? Mtu anayeenda miezi si msafiri. Huyo amehama."

"Nani amesema miezi, Papa?"

"Uso wako."

Hakuwa mbali na ukweli. Ili kunipunguzia siku akanipeleka mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi anayemuuzia vitambaa vya duka letu. Mzee huyo ni Mwislamu aliyezaliwa Gitega, kama baba yake, na kwa kuwa anaagiza bidhaa kutoka nje, kila barabara ya nchi jirani anaijua kwa mashimo yake.

"Kampala siku mbili zinatosha, binti yangu," alisema. "Siku ya tatu unaanza kununua vitu ambavyo jana hukujua kama vipo."

"Unasikia?" Papa alisema.

"Na Mwanza?"

"Mwanza siku moja. Kula samaki, lala, ondoka."

"Ngara?"

"Ngara hakuna kukaa. Sisi tunasimama tu gari ipoe."

"Babu yake iko pale," Papa akamwambia. "Alizikwa kambini."

Mzee alikuwa anakunja kitenge. Alikikunja mpaka mwisho, akakiweka juu ya vingine, akakinyoosha kwa kiganja. "Basi hapo mimi sijui," alisema. "Sisi babu yetu yuko hapahapa. Ijumaa nikitoka msikitini napita."

Njiani kurudi Papa hakubishana tena juu ya siku.

Kabla ya kuvuka ilitupasa kufika kwanza Butihinda kumuaga bibi. Hiyo ndiyo heshima, lakini kulikuwa pia na sababu nyingine: ni yeye peke yake aliyejua kaburi liko wapi. Mjomba alikuwa mdogo mno wakati wa maziko, wala waliochimba hawapo tena. Mama alitaka aelekezwe vizuri, asije akafika pale akalia juu ya mtu mwingine.

Petroli ilikuwa imeadimika wiki hizo. Tulisubiri gari siku nzima, tukaondoka kesho yake, tukafika Muyinga mjini jua limeelekea magharibi, na kutoka pale mjomba akaja kutuchukua kwa pikipiki, Mama kwanza, halafu mimi.

Bibi alinipokea kama alivyozoea kunipokea. Kwetu mjukuu wa kike hutaniwa kuwa ni mke wa babu yake, kwa hiyo mimi na bibi tulikuwa wake wenza.

"Umekonda, mke mwenzangu," alisema, akinishika mikono yote miwili. "Mji haukupi chakula, au vitabu vimekula vyote?"

"Vitabu havili, Bibi."

"Vinakula. Nimeona macho yako."

Alikuwa anapenda kuzungumza nami kwa Kiswahili, lugha aliyoipata uhamishoni, na alikisema kwa utaratibu, kama mtu anayevaa nguo nzuri. Baada ya kula alitaka kusikia safari. Nikatoa simu nikamsomea. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza aliniomba nirudie kuanzia mwanzo.

"Kampala siku tano," alisema.

"Ndiyo."

"Ziwa, siku mbili. Maji tu, siku mbili."

"Ndiyo, Bibi."

"Na mume wetu nusu siku." Akamgeukia Mama. "Huyu mke mdogo hana mapenzi. Anakwenda kumsalimia mume akiwa ameshika mkoba."

Mjomba alicheka. Mama hakucheka. Alisema, "Mama, tutakaa muda utakaosema wewe."

Bibi alikusanya vyombo. Baadaye akasema kwamba mikono mitupu haiendi kule. Kama Mama anataka kilio kiishe, ni lazima twende na urwarwa, pombe ya ndizi iliyopikwa nyumbani hapo hapo, imwagwe kidogo pale alipolala na inayobaki irudi inywewe na watu. Mama alikubali mara moja. Nilitaka kuuliza ni sheria gani inayosema hivyo, maana kila mtu niliyemsikia akieleza kuganduka alikuwa na utaratibu wake. Mama alinitazama nikaacha.

Asubuhi yake mjomba alikata mikungu, akachimba shimo nyuma ya nyumba, akazipanga ndizi ndani, akazifunika majani ya mgomba na udongo, na pembeni ukachochewa moto ili joto liingie. Ndizi zinakaa humo mpaka ziive. Baada ya hapo zinakamuliwa kwa nyasi, juisi inachanganywa na unga wa mtama, inaachwa ichachuke. Mtu hawezi kuharakisha lolote katika hayo. Nilifungua simu nikafuta Bukoba.

Siku zile za kusubiri nilimwuliza bibi juu ya kaburi. Nilitaka nichore ramani. Mara ya kwanza alisema liko chini ya tangi la maji la kambi, upande wa kulia. Niliandika. Kesho yake, tukiwa shambani, alisema ukitoka kwenye tangi unapanda mpaka kanisani, na kaburi liko nyuma ya kanisa.

"Jana ulisema chini ya tangi."

"Nilisema?"

"Ulisema chini, kulia."

"Basi ni kulia."

"Kulia kwa kanisa au kwa tangi?"

"Mke mwenzangu, wewe ni polisi?"

Siku iliyofuata alitaja mikaratusi ambayo haikuwepo katika maelezo ya mwanzo. Nilimwambia kwamba haiwezekani kaburi moja liwe chini ya tangi, nyuma ya kanisa na kati ya miti. Aliendelea kupalilia. Mama, aliyekuwa mstari wa pili, aliniita kando akaniambia niache. Alisema mama yake amezeeka, na kwamba mtu aliyezika mumewe kati ya mahema hawezi kukumbuka kama mtu aliyezika kwenye kitongoji chake. Mjomba alisema hakuna shida, Ngara ni hapo tu, atatupeleka kwa pikipiki na tutawauliza wenyeji. Bibi alikuwa anasikia. Alisema, "Wenyeji wa wapi? Wale waliotujua wote wamerudi." Mjomba akasema wenyeji wenyewe, Watanzania. Bibi akasema Watanzania wana kazi zao.

Jioni moja mimi na Mama tulipanda mlima kutafuta mtandao wa simu ili tumjulishe Papa kwamba bado tupo. Kutoka juu vilima vya Tanzania vinaonekana vizuri, vya kijani kama vya kwetu, na mtu asiyeambiwa hawezi kujua nchi moja inaishia wapi. Mama alimaliza kuongea na Papa akabaki amesimama.

"Siku ninaondoka kambini, baba alikuwa mlangoni," alisema. "Aliniambia nisigeuke, mtoto atalia. Wewe ulikuwa mgongoni. Kwa hiyo sikugeuka."

Nikamwuliza anataka kufanya nini akifika pale, kama kuna sala maalumu.

"Sitaki kufanya kitu. Nataka kukaa."

"Muda gani?"

"Si ndiyo nilikuuliza wewe uliyesoma?" Alisema hivyo kwa upole, akajifuta uso na ncha ya kitenge, tukashuka.

Shimo lilifunguliwa. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri, harufu yake ilijaa ua mzima, na mjomba alizikamua kwenye gogo lililochongwa mpaka mikono ikamchoka. Bibi hakutaka mtu mwingine aguse kilichobaki. Alichuja mwenyewe, akatia mtama mwenyewe, akafunika mwenyewe, akaweka kwenye kona ya nyumba ndogo ambayo alifunga mlango wake. Nilihesabu kichwani nikaona bado tunaweza kufika Kampala, tukiiacha Mwanza.

Siku ya kuonja, bibi alichota kidogo kwa kikombe akampa Mama. Mama alionja, akashikilia kikombe bila kumeza, halafu akameza. Akampa mjomba. Mjomba alitema nje ya mlango. Ilikuwa siki, na chini ya ule uchachu kulikuwa na ladha ya moshi na uozo. Bibi alisema amekosea mtama. Alisema mtama wa mwaka huu ni mbaya. Alisema pia huenda alifunika na majani yenye maji. Alitaja sababu nyingi kuliko zilizohitajika kwa chungu kimoja.

"Tutaanza upya," Mama alisema.

"Ndizi za kukata hakuna. Labda mwezi ujao."

"Tutanunua ndizi kwa jirani."

"Ya kununua si ya kwake," bibi alisema.

Mama alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amesimama karibu na lile shimo tupu.

"Mama hajawahi kuharibu urwarwa," alisema. "Hata kambini, tulipokuwa tunapika kwa ndizi za kuomba, hakuharibu."

"Labda ni uzee."

"Labda."

Nilimwambia twende hivyohivyo, bila pombe, mimi na yeye na mjomba, saa chache tu. Alitikisa kichwa. Alisema hawezi kumpita mama yake mlangoni kwenda kwenye kaburi la mume wake bila ruhusa. Mimi niliona ruhusa ni neno ambalo watu hulitumia wanapokuwa wamechoka kubishana, lakini baba alikuwa ni wake na mama pia wake, nikanyamaza. Papa alipiga simu kesho yake kuuliza kama duka lifungwe. Mama akafunga mfuko wake.

Bibi alitusindikiza hadi barabarani, kama inavyostahili, akitembea polepole kuliko kawaida yake. Alimshika Mama mkono muda mrefu. Alimwambia, "Utakwenda. Si sasa." Kwangu alisema, "Wewe mke mdogo, nenda Kampala kwako. Mume nitamwangalia mimi."

Nilikwenda, wiki chache baadaye, peke yangu. Ngara nilipita asubuhi, ndani ya basi, nikatazama pande zote mbili za barabara bila kujua upande upi. Kampala nilikaa zaidi ya siku tano. Nilirudi, Papa akafurahi bila kusema. Kila nilipomwuliza Mama kama tupange tena, alikuwa akijibu kwamba bibi hajasema.

Bibi alifariki wakati wa mvua, akiwa amelala, bila kuugua kwa muda wowote. Tulimzika Butihinda, kwenye shamba lile walilolishindania mpaka wakarudishiwa. Waliposimama kutaja tarehe ya kuganduka, Mama, ambaye huwa hasemi mbele ya watu, aliomba siku hiyo iwe ya wote wawili. Alisema babu amengoja kutosha. Wazee wa sasa hawakuwa na pingamizi. Kwa hiyo mwaka uliofuata tulikusanyika ua uleule, pombe ikaletwa, ya kununua, na msemaji akatangaza majina mawili. Mama alisikiliza amekaa wima. Alipokuja kukaa karibu nami alisema, "Lakini sikukaa naye." Kilio kilikuwa kimetangazwa kwisha, naye ndiyo kwanza alikuwa analia.

Mwishoni msemaji aliuliza kama kuna mgeni mwenye neno. Alisimama mwanamke mmoja wa makamo ambaye hakuna aliyemjua. Alisema anatoka ng'ambo, Ngara, kwamba habari za msiba alizipata sokoni Kobero, na kwamba hawezi kunywa pombe ya mama yule akaondoka kimya. Alizungumza akiwa amemtazama Mama.

Alisema kambi ilipofungwa, sehemu ya makaburi iligawiwa watu walime, na kipande kimoja kilimwangukia baba mkwe wake. Msimu wa kwanza wa kilimo alikuja mama mmoja wa Burundi, kwa miguu, akauliza yako wapi makaburi. Walimwonyesha mahindi, yalikuwa yamefika magotini. Alitembea kati ya mistari mpaka mahali fulani, akasimama. Hakugombana na mtu. Aliomba jembe. Na aliwaomba wasije wakamwambia mtu yeyote wa kwao kwamba pamelimwa, kwa sababu ana binti Gitega ambaye hakupata kumzika baba yake.

Mama alimwuliza alikuwa analala wapi.

"Jikoni kwetu," mwanamke alisema.

Msimu ule sisi wote tulidhani bibi yuko Giteranyi, kwa dada yake, anamsaidia kulima. Alikuwa Ngara. Alipalilia mahindi yale mara mbili, akafukuza ndege, akakaa mpaka yakakauka, akavuna pamoja nao, halafu akarudi nyumbani.